Nani Azime Mashine Kabalo?

Barua ya mwaliko ilisema hawataki kuuziwa kitu. Hilo peke yake lilinishtua. Mimi kazi yangu ni usalama wa mitandao, hapa Dar es Salaam, na karibu kila anayenipigia simu huwa ameshachagua programu ya kununua; anachotaka ni nimwambie kwamba amechagua vizuri. Hawa walikuwa shirika dogo lenye ofisi Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika huko Kongo, na tawi Kabalo, kilomita kama 270 upande wa magharibi kwa njia ya reli. Wanawakopesha wakulima mbegu na majembe, na daftari lao la madeni limo kwenye kompyuta. Miezi kadhaa nyuma wahalifu waliingia katika kompyuta kuu ya Kalemie, wakayafunga mafaili kwa ufunguo wa siri na kuacha ujumbe wa kudai fidia. Nakala ya akiba iliwaokoa. Kilichowauma ni kwamba usiku ule watu watatu walikuwa macho, kila mmoja ameona jambo fulani lisilo la kawaida, na hakuna aliyezima chochote. Kila mmoja alisubiri ajue zaidi.

Sasa walitaka kuandika jambo moja kabla hawajanunua kingine chochote: anayeamua wakati wa shambulio anahitaji kujua nini? Mwenzangu ofisini aliisoma barua akasema kazi hiyo ni ya nusu siku kwa simu. Nami nilidhani hivyo, ila simu ya Kabalo haikuwa ikipokelewa. Basi nikafunga mkoba.

Kigoma, upande wetu wa ziwa Tanganyika, nilikuwa nimeshafika zamani. Ng'ambo ya ziwa sikuwahi. Tulipakiwa chomboni jioni pamoja na saruji, sabuni, magodoro na makreti ya soda, na mimi nikapata nafasi juu ya mifuko ya unga, pembeni ya mama mmoja mfanyabiashara aliyenipa nusu ya shuka lake bila kuniuliza jina. Sisi wa pwani tukisema "ziwa" huwa tunalidharau kidogo. Usiku ule, mawimbi yalipoanza kutupiga ubavuni na mtu akanikumbusha kwamba chini yetu maji yana kina cha karibu kilomita moja na nusu, dharau iliniisha.

Asubuhi nikaiona Kalemie, mji ulioegemea kilima, na chini yake mlango wa mto Lukuga, ambako maji ya ziwa lote hupata njia ya kutoka. Afisa wa uhamiaji aliangalia kadi yangu ya chanjo ya homa ya manjano kwa makini kuliko pasi. Niliona kwamba watu wote waliitana papa na mama, hata kijana mdogo mwenye pikipiki aliitwa papa. Niliponunua chai nikatoa dola tano, mwuzaji akainyanyua juani, akaona mpasuko mdogo ukingoni usiozidi punje ya mchele, akanirudishia kwa upole. "Hii haitembei, mama." Kwetu noti ya elfu kumi inaweza kuwa imekunjwa, imelowa, imeandikwa namba ya simu, na bado ikanunua nyama.

Saa yangu nayo ilikuwa na kasoro ambayo sikuitarajia. Kalemie iko nyuma ya Dar kwa saa moja. Kinshasa iko nyuma kwa saa mbili, kwa kuwa Kongo ni kubwa kiasi cha kuwa na majira mawili ndani ya nchi moja. Nililichukulia hilo kama jambo la watalii mpaka nilipoketi ofisini kwao na kufunguliwa kumbukumbu za usiku wa shambulio.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini barua yao ilikuwa ya ajabu. Kompyuta ya Kalemie ilikuwa imeandika kwamba mtu aliingia saa nane usiku. Huduma yao ya barua pepe, iliyopangwa kwa saa za Kinshasa, ilionyesha mtu ameingia saa saba. Na fundi wao wa kukodi, aliyekuwa akiangalia kwa mbali kutoka Dar, aliandika kwenye daftari lake saa tisa. Usiku ule kila mmoja alimwambia mwenzake habari yake kwa simu, na wakakubaliana kwamba yametokea mambo matatu madogo kwa nyakati tatu, hakuna la kutisha. Lilikuwa tukio moja. Mtu yule yule, dakika ile ile, amepita milango mitatu.

Niliomba kujaribu mwenyewe kuingia kwenye mashine. Nikaandika nywila, ikakataliwa. Nikaandika tena polepole, ikakataliwa. Vijana wakacheka. Kibodi yao ni ya Kifaransa: ilipo A kwetu, kwao ipo Q, na namba hazitoki mpaka ubonyeze kitufe cha herufi kubwa. Programu yao ya ulinzi mara moja ikatuma tahadhari nyekundu kwamba kuna mtu anabahatisha nywila. Mtu huyo alikuwa mimi, mgeni wao, nimeketi mbele yao na kikombe cha chai.

Treni ya Kabalo ilikuwa ya mizigo, imefungiwa mabehewa mawili ya abiria. Nilimwuliza mama mwenye kibanda cha vitumbua stesheni itaondoka saa ngapi. "Itakuya, mama, na kisha itaenda." Kwetu jibu hilo lingezua ugomvi, pale lilikuwa taarifa kamili. Watu walikuwa wamekuja na majiko yao, na mbuzi, na godoro. Tulipoondoka hatimaye, jua lilikuwa limekwisha kupoa, na mto Lukuga ukawa unatokeza na kupotea upande mmoja wa reli, ukienda tunakokwenda. Maji yale yale niliyoyavuka kutoka Kigoma hukutana na mto Lualaba kaskazini ya Kabalo, kisha huzunguka Kongo yote hadi Atlantiki.

Mwenzangu wa kiti, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alikuwa msimulizi. Tulipopita Niemba aliniuliza kama najua reli hii ilibeba nini katika vita ya kwanza ya dunia. Nilijua nusu: Wajerumani walikuwa Kigoma, walikuwa na meli Graf von Götzen, hii hii ambayo sisi tunaiita Liemba. Nusu ya pili niliisikia kwake, na baadaye nikaihakiki.

Mwaka 1915 Wajerumani walilitawala ziwa Tanganyika lote kwa meli zao. Waingereza wakaleta boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, chini ya kamanda Geoffrey Spicer-Simson. Zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Fungurume huko Katanga, zikakokotwa porini na milimani kwa mashine za mvuke na makundi ya ng'ombe, zikashushwa mto Lualaba mpaka Kabalo, na mwezi Oktoba zikapakiwa Kabalo kwenye treni ya njia hii kuelekea ziwani. Wajerumani hawakujua. Afisa wao mmoja aliyekwenda kuichungulia bandari ya Wabelgiji alikamatwa kabla hajarudi. Tarehe 26 Desemba 1915 meli yao ndogo, Kingani, ilikuja kufanya upelelezi wa kawaida ikatekwa. Upande wa Kigoma walichojua ni kwamba Kingani haijarudi. Tarehe 9 Februari 1916 meli nyingine, Hedwig von Wissmann, ilitoka kwenda kuangalia, nayo ikazamishwa.

"Walikuwa na kila habari," mwalimu alisema, "mizinga ya Wabelgiji, maaskari, ngome. Ile moja hawakuwa nayo."

Nililala vibaya usiku ule, si kwa sababu ya benchi. Nilikuwa nawaza kamanda wa Kigoma. Kuihesabu mizinga ya pwani hakukumsaidia kitu, kwa maana uamuzi wake haukuwa juu ya pwani. Uamuzi wake ulikuwa mmoja: nipeleke meli ya pili au niizuie? Na kwa uamuzi huo alihitaji kujua neno moja tu, kama kuna chombo kingine chenye nguvu majini. Angeanzia kwenye uamuzi, pengine angejua nini cha kutafuta. Mhandisi Mmarekani Mica Endsley aliandika jambo la jinsi hiyo mwaka 1995, baada ya kufanya kazi na marubani: kwanza mtu aone, kisha aelewe anachokiona, kisha aweze kukisia kitakachofuata. Na ili ujue aone nini, muulize kwanza anataka kutimiza nini. Nimeyafundisha maneno hayo mara nyingi kwa picha za ukutani. Ilibidi nipande treni ya Kabalo ndipo yanikere.

Kabalo ilinipokea na vumbi jekundu, miembe, na Lualaba. Sikuwa nimejiandaa kwa mto ule. Rufiji naujua, lakini Lualaba hapo hauonekani kuwa na haraka yoyote. Mitumbwi inakatiza kama vijiti, na ng'ambo ni mstari mwembamba wa kijani. Stesheni ina majengo ya enzi ya Wabelgiji yenye kuta nene. Chakula cha kwanza kilikuwa bukari, ugali wao, na sombe, yaani kisamvu, kilichopikwa na mawese mpaka kikawa cheusi. Nilikula mpaka nikaona haya. Mwenyeji wangu, mkuu wa tawi, mzee mnene mwenye kicheko cha polepole, watu wote walimwita Papa Shefu. Nami nikamwita hivyo.

Ofisi yake ni chumba kimoja, kompyuta tatu, betri za sola sakafuni na dishi la setilaiti juu ya bati. Rezo, kama wanavyouita mtandao, kwa kawaida huwashwa saa chache asubuhi na saa chache jioni ili kutunza betri. Nilipouliza tawi hili lilipata hasara gani usiku wa shambulio, alishangaa swali. Hasara ipi? Dishi lilikuwa limezimwa, wamelala. Nakala ya akiba iliyoiokoa Kalemie ilitoka hapa. Nikamsimulia kuhusu Maersk, kampuni ya meli ya Denmark: Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilipoifagia, mashine zote duniani zilizotunza majina na ruhusa za wafanyakazi wake ziliharibika isipokuwa moja, iliyokuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko. Hasara ya kampuni ilikadiriwa kufika dola milioni 300. Papa Shefu alicheka mpaka akakohoa. Aliomba nimwandikie jina la hiyo kampuni ili awasomee wa Kalemie, ambao humlaumu kila siku kwamba hapatikani.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa tahadhari. Programu ya ulinzi ilimtumia nyingi mno, naye alikuwa ameacha kuzisoma. Sikumlaumu. Mtaani kwetu Mbagala mbwa mmoja akibweka usiku, wote hujibu, na hakuna mwenye nyumba anayeamka. Huamka siku mbwa wake mwenyewe anapobweka kisha akanyamaza ghafla. Tulikaa tukitafuta huo unyamavu ni upi katika mashine zake. Tukapata machache: mafaili mengi kubadilika jina kwa wakati mmoja, nakala ya akiba kufutwa, mtu kuingia kwa jina la mfanyakazi aliye likizo. Hilo la mwisho, alinieleza, mashine haiwezi kulijua. Orodha ya likizo imo katika daftari la karatasi, kwenye droo yake.

Nikaenda kumwona mkuu wa stesheni kwa udadisi tu, nikakaa kwake zaidi kuliko nilivyokusudia. Reli ni ya njia moja. Treni mbili zikiachiwa kwa pamoja zinakutana uso kwa uso. Nilimtazama akizungumza kwa simu ya upepo, wao huiita foni, kabla ya kuachia treni. Aliuliza kama kipande cha mbele kimeshaachwa wazi. Aliuliza kama dereva aliyepita mwisho aliona tatizo lolote njiani. Aliuliza nani yuko zamu kituo kinachofuata kuipokea. Basi. Nilimwuliza mbona hakutaka kujua mabehewa yamebeba nini.

"Hiyo ni ya karani."

"Na usipojibiwa kwenye foni?"

"Treni inalala."

Jibu hilo niliondoka nalo. Mtu huyu alikuwa ameamua zamani, mchana, akiwa ameshiba, atafanya nini habari zikikosekana. Kalemie hakuna aliyeamua hivyo. Walipokosa habari walisubiri. Na hapa kazi yake na yangu zinaachana: treni ikisubiri, hakuna anayekufa, lakini mafaili yakiwa yanafungwa moja baada ya jingine, kila dakika ya kusubiri ni zawadi kwa mwizi. Kwa hiyo katika karatasi ya Papa Shefu tuliandika kinyume cha stesheni: usipopata jibu kutoka Kalemie ndani ya robo saa, chomoa waya wa dishi.

Alikubali, kisha akakataa. Ikiwa ni siku ya soko? Ikiwa ni siku ambayo wakulima wametembea tangu alfajiri kuja kuchukua mbegu, na malipo yao ya simu yanapitia rezo hiyo hiyo? Akizima bure, mwezi mzima hawatamwamini. Nilimjibu kwa maneno ya vitabuni, naye akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: katika mashine zangu zote za Dar, ni ipi inayoonyesha leo ni siku ya soko?

Hakuna. Nimekaa kwenye vyumba vyenye vioo ukuta mzima, ramani za dunia zenye mishale myekundu, na sijawahi kuona kioo kinachosema leo ukizima utamwumiza nani. Nakumbuka Julai 2023, mfumo wa eCitizen wa Kenya uliposongwa na maombi bandia. Zaidi ya huduma 5,000 za serikali zilikuwa zimewekwa kwenye mlango huo mmoja. Waziri Eliud Owalo alitoka kusema hakuna data iliyopotea, na hilo lilikuwa la maana, kwa kuwa kusongwa na kuibiwa vinataka maamuzi tofauti. Lakini abiria aliyekwama na mwombaji wa viza mlangoni walikuwa sehemu ya habari pia, tena si ya kiufundi.

Tukaendelea na jambo lililomsumbua zaidi kuliko wezi. Rezo ikikatika, atajuaje ni nini? Alikumbuka siku kama 20 za kuanzia 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilipofungwa nchini kote. Mimi nilikumbuka 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na nusu ya Dar ikadhani ni simu zao zimeharibika. Na zipo siku betri zimeisha tu. Amri, ajali, adui, betri: kwenye kioo vyote vinne vina sura ile ile ya duara linalozunguka. Papa Shefu ndiye aliyepanga namna ya kuvitenganisha. Kwanza aangalie taa ya betri. Kisha ampigie mwuza vocha mwenye mwavuli sokoni, ambaye husikia kabla ya wote mitandao ya simu ikilala. Kisha Kalemie kwa foni ya misheni. Vyote vikiwa vizuri isipokuwa ofisi yake, hapo ndipo aogope.

Sheria ipo. Kanuni ya Dijitali ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023 imeweka msingi wa wakala wa taifa wa usalama wa mtandao, kama sisi tulivyo na TZ-CERT, kikosi cha dharura za kompyuta, chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Niliiandika kwenye karatasi, mahali pa kutoa taarifa. Lakini saa nane usiku Kinshasa haitaamua chochote kuhusu dishi la Kabalo.

Karatasi ilipokamilika ilijaa upande mmoja tu. Juu kabisa hatukuandika vitisho, tuliandika maamuzi: kuzima dishi, kutenga kompyuta moja, kuacha malipo yaendelee, kuwaita Kalemie. Chini ya kila uamuzi, mambo machache ya kujua na nani wa kuulizwa. Saa zote ziliandikwa kwa majira ya Kalemie, kwa wino mwekundu. Zaidi ya nusu ya majibu hayatoki kwenye kompyuta. Yanatoka sokoni, kwenye droo, kwenye foni, kwa mlinzi wa usiku.

Mlinzi ndiye aliyeleta ubishi wa mwisho. Yeye ndiye pekee aliye macho usiku, anakaa mlango wa pili na betri, anaziona taa za mashine zikihangaika wakati ambapo hakuna anayefanya kazi. Papa Shefu alitaka apewe ruhusa ya kuchomoa waya bila kumwamsha mtu. Niliporudi Kalemie, wakubwa walisaini karatasi yote isipokuwa mstari huo. Walisema mtu asiyejua kompyuta hawezi kuachiwa uamuzi wa kompyuta. Nimewaandikia kutoka Dar kwamba wamekosea. Anachotakiwa kujua mlinzi ni mambo mawili, na yote mawili anayajua kuliko wao: taa zinawaka au haziwaki, na kuna mtu ofisini au hakuna.